Chumba cha Kuchezea Tulichokitengeneza Mara Mbili

Nyumba tunayoishi Mikindani, Mtwara, ni ya mawe. Aliijenga babu wa mume wangu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na hata mchana wa jua kali ukiweka kiganja ukutani unahisi ubaridi kama wa mtungi. Chumba cha nyuma, chenye upana wa mita tatu na urefu wa mita tatu na nusu, kilikuwa stoo tangu nilipoolewa. Mwezi Novemba 2022 ndipo tulipoamua kukifanya chumba cha kuchezea watoto, na uamuzi huo ulitokana na hofu: mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miezi 14 na ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alinyoosha mkono kuelekea jiko la mkaa barazani huku mimi nikiwa nimeshika sufuria ya wali kwa mikono miwili. Dada yake, aliyekuwa na miaka mitano, ndiye aliyemvuta kwa nyuma ya fulana.

Naandika haya kwa sababu tulitumia fedha ambazo hatukuwa tumezipanga, tukabomoa tulichojenga, na kwa miezi kadhaa mtoto alishinda ndani ya hewa ambayo haikumfaa. Makosa karibu yote yangeepukika kama tungeuliza maswali machache mapema. Anayeishi pwani yetu hii ya kusini, hasa katika nyumba ya zamani, huenda akajiona katika mengi nitakayoyaeleza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalo lilianza kabla hata ya fundi kuitwa. Kwa wiki mbili nilikesha nikitazama picha za vyumba vya watoto kwenye simu: ukuta wa buluu ya mbinguni, mawingu meupe ya kubandika, shelfu refu lililojaa midoli iliyopangwa kwa rangi, zulia nene lenye manyoya. Nilikuwa nikitengeneza chumba cha kutazamwa na mgeni anayesimama mlangoni. Sikuwahi, hata mara moja, kukaa chini sakafuni na kujiuliza mtoto wa miezi 14 ataona nini akiwa pale. Tulitenga shilingi 450,000 kutokana na malipo ya korosho za msimu ule, nikaamini zitatosha na chenji itabaki.

Kuondoa vitu kulichukua siku mbili. Magunia ya korosho yalikuwa yameshapelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, lakini pembeni ilibaki mifuko miwili ya salfa iliyofunguliwa, ile tunayoipuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, pamoja na chupa za viuatilifu ambazo lebo zake zilikuwa zimefutika. Unga wa njano ulikuwa umeingia katika kila ufa wa sakafu. Nilichukua ufagio nikafagia hivyo hivyo kikavu, na binti yangu akinishikia beseni. Haikupita dakika kumi macho yake yalikuwa mekundu na mimi nakohoa. Chumba kilichowahi kuhifadhi dawa za shamba hakifagiliwi kikavu, na mtoto hakaribii kabisa. Kinafunguliwa dirisha na mlango, mtu anafunika pua na mdomo, anafuta kwa tambara bichi lenye sabuni mara tatu au nne akibadilisha maji, na dawa zenyewe zinahamishiwa mahali pa kufungwa kwa kufuli, mbali na chakula na mbali na watoto. Sisi tulikuja kufanya hivyo siku ya pili.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mwenye bidii, mzoefu wa nyumba za matofali ya saruji. Alipoona ukuta una mashimo na chokaa inayopukutika, alishauri tupige lipu ya saruji juu yake, kisha rangi ya mafuta, kwa hoja kwamba rangi ya mafuta hufutika kwa urahisi mtoto akichora. Hoja ilikuwa nzuri nasi tukakubali. Lipu na ufundi wake viligharimu shilingi 160,000, makopo mawili ya rangi ya lita nne 84,000, kupaka 70,000, na mawingu ya kubandika 45,000. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, mvua za kwanza zimeshaanguka, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama ukuta umekauka kabla ya kupakwa.

Seremala alitutengenezea shelfu la mbao za paini, kimo cha sentimita 170, kwa shilingi 220,000. Hapo nashukuru tuliepuka jambo moja: alitaka kuongezea makasha ya vitu vya kuchezea kutokana na vipande vya mbao za kupaulia vilivyobaki kwake, zile zenye rangi ya kijani kwa sababu zimetiwa dawa ya mchwa. Mama mkwe wangu alikataa papo hapo, na alikuwa sahihi. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za aina hiyo huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na kasha la mtoto ni kitu ambacho mtoto hukilamba, hukiuma na hukilalia. Zulia lilitugharimu 140,000, na midoli iliyoagizwa kupitia shemeji yangu aliyekuwa Kariakoo 150,000. Jumla ikafika shilingi 869,000. Kiasi kilichozidi tulikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa wiki nzima sikumwambia mume wangu. Alipojua hakunigombeza, bali alinyamaza, na ukimya ule uliniumiza kuliko maneno.

Siku ya kufungua chumba majirani walikuja, wakapiga picha, wakasifu. Watoto waliingia, wakamwaga kila kilichokuwa ndani ya shelfu, wakarukia hiki wakakiacha, wakarukia kile wakakiacha, na baada ya robo saa wakarudi barazani kucheza na vifuu vya nazi. Nilidhani ni ugeni wa siku moja. Ikawa hivyo wiki nzima, kisha mwezi. Kila jioni nilipiga magoti kukusanya vipande vilivyotawanyika hadi chini ya kitanda cha chumba cha pili, nikiwa nimechoka na nikiwalaumu watoto kwa jambo nililolipanga mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa Januari lilitokea tukio ambalo hadi leo likinijia usiku huamka. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua mchicha. Mwanangu alikuwa anataka gari jekundu lililowekwa rafu ya tatu, kwa sababu ndilo lililopendeza zaidi nami nililiweka juu lionekane. Aliweka mguu wa kulia juu ya rafu ya kwanza, akashika ukingo wa ya pili kwa vidole vyote vinane, akajiinua. Nilisikia mbao ikilia kidogo, mlio mwembamba kama wa mlango. Nilipoinua macho, sehemu ya juu ya shelfu ilikuwa imeshaachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na ndoo ya vipande vya kujengea ilikuwa inateleza kuja mbele. Sijui nilifikaje. Nililizuia kwa bega na mgongo, ndoo ikanipiga shingoni, mtoto akaanguka kwa makalio juu ya zulia akalia kwa mshtuko tu. Shelfu lile lilikuwa zito kiasi kwamba watu wawili wazima walihema kuliingiza ndani, na tulikuwa tumeliegemeza ukutani bila hata skrubu moja.

Basi nawaomba wazazi wenzangu, kabati au shelfu lolote ambalo mtoto anaweza kulipanda lifungwe ukutani siku ile ile linapoingia nyumbani, kabla ya kupangwa chochote. Vitu vizito vikae chini. Na kile mtoto anachokipenda kuliko vyote kisiwekwe juu, kwa kuwa kikiwa juu kinamwita apande.

Mvua zilipokolea mwezi Machi, ukuta nao ulianza kusema. Kwanza niliona doa jeusi pembeni mwa dirisha, dogo kama sarafu, nikalifuta kwa tambara. Baada ya siku tatu lilikuwa limerudi na wenzake. Kisha rangi ya buluu, karibu na sakafu, ikaanza kuvimba malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba. Ngozi ya rangi ilikuwa laini kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, ikapasuka, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi yakanitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Nyuma yake saruji ilikuwa imeota unga mweupe unaong'aa. Nyuma ya shelfu, ambalo sasa lilikuwa limefungwa ukutani, kuvu ilikuwa imetanda hadi usawa wa kifua changu, na zulia upande ule lilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo.

Mtoto alikuwa anakohoa tangu Februari. Tulishampeleka zahanati mara mbili tukidhani ni mafua ya kawaida. Mara ya tatu daktari alituuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: mtoto huyu anashinda wapi mchana? Nilipomweleza chumba kilivyo, aliagiza tumtoe humo mara moja, tukaushe au tuondoe kila kilichoota kuvu, kisha turudi baada ya wiki mbili. Kikohozi kilipungua ndani ya siku kumi. Sisemi kwamba kuvu ndiyo chanzo cha kila kikohozi cha mtoto, lakini hewa yenye kuvu huwasumbua watoto wengi, hasa wenye pumu. Nilijuta sana. Niliukopea fedha ukuta ule ili upendeze, na mwanangu akawa anapumulia kilichoota juu yake.

Mama mkwe ndiye aliyesema twende kwa mzee mmoja fundi wa zamani wa chokaa, ambaye mikono yake ilishakarabati nyumba nyingi za mji huu wa kale. Alikuja asubuhi na bakora yake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha hakusema neno kwa muda. Alizunguka chumba akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sehemu nyingi zililia kama ngoma iliyolegea.

"Maji haya hayatoki juu," akasema. "Yanatoka chini ya nyumba, yanapanda ndani ya jiwe. Tangu enzi za wazee wako yanapanda, yanatokea ukutani, upepo unayachukua. Nyinyi mmeyazibia njia."

Alinieleza kwa subira, nami baadaye nilisoma na kukuta maelezo yale yale. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na nyumba za zamani hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi kama zinavyowekewa za sasa. Chokaa ni laini na hupitisha mvuke, kwa hiyo unyevu unaopanda hukauka juu ya uso wa ukuta. Saruji ni nzito, na rangi ya mafuta hufunga kabisa. Maji yakikosa pa kutokea hurundikana nyuma, chumvi inayosafiri nayo huganda kuwa fuwele, fuwele huisukuma lipu hadi inaachana na jiwe. Ingekuwa nyumba ya matofali ya saruji yenye msingi mzuri, ushauri wa yule fundi kijana usingetuletea madhara hayo, ingawa kupaka rangi katikati ya mvua kungebaki kosa.

Mzee alitaka tubandue lipu yote ya saruji, kisha tuuache ukuta wazi miezi miwili ukaushwe na upepo wa kusi. "Usinilipe leo," aliniambia. "Nilipe utakaponiita mwezi wa nane." Kubandua kulifanyika Juni, kwa shilingi 90,000, na vumbi lake lilikuwa jingi mno, hata watoto nikawapeleka kwa shangazi yao Shangani siku nne. Mlango wa zamani nao ulikuwa na matabaka ya rangi yasiyohesabika, nami nilikuwa nimeshashika msasa. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hanizuii jambo, alinizuia. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tulilowesha mlango, tukakwangua yaliyokuwa yanabanduka, tukayakusanya kwenye mfuko na kufuta sakafu kwa maji. Sehemu nyingine tuliziacha zilivyo na kuzifunika kwa rangi mpya.

Agosti mzee alirudi. Kuhusu chokaa, nina neno ambalo si la chumba peke yake. Katika pwani yetu matumbawe yamekuwa yakivunjwa baharini na kuchomwa tanurini ili kupata chokaa, na Ghuba ya Mikindani imeumia kwa kazi hiyo. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki tunaowala. Tulinunua chokaa ya mifuko dukani, inayotokana na mawe ya nchi kavu, na mzee alikubali kuwa inafaa. Aliiloweka kwenye pipa siku kadhaa, akaichuja kwa kitambaa, akaizimua hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Mashimo aliyaziba kwa chokaa na mchanga bila saruji. Kisha aliulowesha ukuta na kupaka tabaka tano nyembamba, moja kwa siku. Siku ya kwanza nilihuzunika, kwa kuwa ukuta ulibaki kijivu na nilidhani amezimua mno. Kufikia jioni, ulipoanza kukauka, weupe ulijitokeza wenyewe polepole kutoka juu kwenda chini.

Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto hawaingii hadi ukuta ukauke kabisa, na anayepaka avae miwani na glavu. Ikipakwa nzito au juu ya ukuta mkavu huchafua nguo kila mtu anapoegemea. Nayo haidumu milele: tunarudia tabaka moja kila mwaka kusi inapovuma, kazi ya nusu siku. Nyumba ya kale ikihitaji kubomolewa sehemu, ni vyema kuuliza kwanza halmashauri ya manispaa.

Kabla ya kurudisha kitu chochote ndani, safari hii niliketi sakafuni. Nilikaa hapo karibu saa nzima, kimo changu kikiwa sawa na cha mwanangu. Niliona soketi ambayo sikuwahi kuiona kwa sababu ilikuwa nyuma ya mlango. Niliona misumari miwili chini ya kizingiti cha dirisha. Na dirisha lenyewe, ambalo awali nililiziba nusu kwa shelfu, ndilo lililokuwa linapitisha upepo wote kutoka uani hadi ukumbini.

Dirisha tukaliacha wazi na kulifunga wavu wa mbu kwa fremu ya mbao inayotolewa na kuoshwa, shilingi 35,000. Malaria kwetu si habari ya kusikia, nami nilikuwa nimetumia zaidi kwenye mawingu ya karatasi kuliko kwenye wavu huo. Soketi tuliihamisha juu. Nilikuwa nimenunua vile vizibo vya plastiki vya kuchomeka, lakini fundi umeme alinionyesha kwamba soketi zetu za matundu matatu zinazofuata viwango zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa plagi. Kizibo kibaya, au mtoto akikigeuza, kinaweza kuvifungua badala ya kuvilinda.

Shelfu tulimpa seremala alikate katikati, tukapata mawili ya sentimita 85, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Kazi hiyo iligharimu 30,000. Kuyafunga kwenye ukuta wa matumbawe kulihitaji uangalifu: ukitoboa kwenye kiungo cha chokaa, skrubu huchomoka kwa mkono, hivyo ni lazima kutafuta jiwe lenyewe kwa kugonga, kutoboa taratibu bila kupigapiga, kisha kuweka plagi ndefu ya kushikia skrubu. Tuliyaacha sentimita tano kutoka ukutani, tukayashika kwa vipande vya chuma, ili hewa ipite nyuma. Zulia tulilitupa. Badala yake tuna mikeka miwili ya ukindu, shilingi 40,000 kwa yote miwili, ambayo kila Jumamosi hutolewa juani na chini yake kufutwa.

Mapambo yamebaki machache na yote yanatoka. Ukuta mmoja una khanga ya bibi yao iliyotungwa kwenye mwanzi, binti yangu aliichagua kwa sababu ya mikorosho iliyochorwa pembezoni. Mwingine una kamba fupi, juu ya kimo cha kufikiwa na mdogo, inayoshika michoro yao kwa vibanio vya nguo. Kamba ndefu inayoning'inia sishauri, mtoto hujizungushia shingoni.

Vitu vya kuchezea ndivyo vilivyonifunza zaidi. Tulivihesabu vyote usiku mmoja, vikafika 74. Tukavigawa katika mabeseni matatu yenye mifuniko, mawili yakawekwa juu ya kabati la chumbani kwetu, na vitu vya moja tu vikapangwa kwenye shelfu, kila kimoja na mahali pake. Baada ya wiki mbili tunabadilishana. Siku ya kwanza mwanangu alikaa na vipande vya mbao, masalia ya seremala yaliyopigwa msasa na kuachwa bila rangi, kwa dakika arobaini. Sikuwahi kumwona akikaa na kitu muda huo. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa 2018: watoto wadogo 36 walipopewa vitu vinne walicheza navyo kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi kuliko walipopewa kumi na sita. Kile nilichokiita utukutu kilikuwa wingi wa vitu.

Vikapu vya ukindu vilichukua nafasi ya ndoo. Binti yangu alichora picha ya kilichomo, gari, mdoli, vifuu, na tukaifunga mbele ya kila kikapu. Mdogo asiyejua kusoma hujua gari linarudi wapi. Bado wanatawanya, lakini kurudisha kunachukua dakika saba au nane, nao wanarudisha wenyewe. Sheria ni moja: kikapu cha pili hakishuki hadi cha kwanza kirudi, na sisi wakubwa tunaifuata pia.

Kulikuwa na jambo gumu la kete. Bibi yao aliwaletea bao la mninga na kete za komwe, zawadi ya moyo wake, na kumwambia haifai kukaa chumbani kuliniwia vigumu. Nilimwonyesha badala ya kubishana. Tulichukua kibomba cha karatasi ya chooni, nikadondosha komwe moja, ikapita bila kugusa. Kila kinachopita humo hakipewi mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kuziba njia yake ya hewa. Kisha yeye mwenyewe akaanza kupima: kifungo cha mdoli, korosho, gurudumu la gari lililochomoka. Betri ndogo za duara nilizitenga peke yake. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili, hivyo anayeshuku mtoto ameimeza asisubiri dalili, aende hospitali hapo hapo. Midoli yote ambayo kifuniko cha betri hakina skrubu iliondoka nyumbani.

Awamu ya pili, pamoja na chokaa na brashi 38,000 na malipo ya mzee 100,000, ilitugharimu shilingi 333,000. Tukijumlisha na ya kwanza ni 1,202,000, na deni la kikundi lilikwisha Aprili mwaka huu wa 2024. Vitu vya awamu ya kwanza vinavyotumika hadi leo ni mbao za shelfu na sehemu ya midoli. Kama ningeanza upya ningemwita mzee wa chokaa kabla ya kufungua simu kutazama picha, ningeanza Juni badala ya Desemba, na ningenunua wavu kabla ya rangi.

Mvua za msimu uliopita nilipitisha kiganja ukutani kila Jumapili. Pembeni mwa dirisha palikuwa na unyevu kidogo Machi, pakakauka palepale penyewe. Bao la bibi liko juu ya kabati, na mdogo akishalala, bibi na binti yangu hulishusha wakacheza mezani, wakihesabu kete zote 64 kabla ya kuzifunga kwenye mfuko. Septemba mdogo atatimiza miaka mitatu. Bibi yake ameshaniuliza mara mbili ni tarehe ngapi.